Mama Atoke Kabla ya Mvua

2 Machi

Nimerudi nyumbani kwetu na masanduku mawili na kitanda cha chuma nilichoruhusiwa kuondoka nacho bwenini. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa matroni wa wasichana, na kila jioni niliandika taarifa ya siku: nani anaumwa, nani ametoroka, nani amesema uongo. Sasa nimestaafu na sina wa kumwandikia, lakini mkono umeshazoea. Basi nitajiandikia mwenyewe.

Nyumba ni mbovu kuliko nilivyoambiwa. Kuta ni za matofali mabichi ya udongo, baba aliyafyatua kwa mikono yake, na sasa zimepasuka kando ya madirisha. Pembeni mwa sebule kuna ufa unaomeza kidole. Bati linavuja. Lakini dari ya mbao ya sebuleni ipo vilevile! Mbao nyekundu zimepangwa zikabanana hata kisu hakipiti, miti midogo imezibeba, na boriti moja kubwa imekatiza chumba kutoka ukuta hadi ukuta na kuibeba miti yote. Nililala chali sakafuni kama mtoto, nikaitazama mpaka shingo ikauma, kisha kitanda nikakitega hapohapo chini yake.

Hapa ndipo nitakapozeekea. Sitaki kuzeekea kwenye chumba cha uani cha mtu yeyote, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja.

4 Machi

Mdogo wangu ameleta fundi. Nasema mdogo wangu kwa mazoea tu, mwenyewe ana mvi na kitambi na anatembea ameweka mikono nyuma. Tulikubaliana kuitengeneza nyumba pamoja, naye ndiye aliyemtafuta fundi huyu anayejua dari za kizamani.

Fundi ni mtu wa maneno machache. Anakuita mama, anakuamkia, basi. Amekuja na mkwewe, aliyeoa binti yake, na huyo ndiye msemaji na mcheshi wa wote wawili. Fundi alipanda ngazi akawa anagonga kila mti kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alipofika kwenye boriti kubwa akagonga, akasikiliza, akagonga tena. Akamtazama mdogo wangu. Kisha wakatoka nje wote wawili.

Nilipowafuata getini na chai walinyamaza, halafu mdogo wangu akasema, "Jua la leo kali kweli."

Wasichana wangu walikuwa hivyohivyo. Ukiingia bwenini ghafla wanaanza kusifia hali ya hewa.

5 Machi

Vumbi. Nimekula vumbi, nimelala na vumbi.

8 Machi

Wifi yangu amekuja kunisalimia, mke wa mdogo wangu. Amekaa vizuri, amekunywa chai, amenisifia mpaka nikaanza kuhesabu vidole vyangu kama vyote vipo. Alipodhani nipo jikoni akatoa futi kwenye mkoba akapima kitanda changu, urefu na upana.

"Wifi, umegeuka fundi cherehani wa vitanda?"

Alishtuka, akacheka. "Aa, naangalia tu, wifi. Kitanda kizuri hiki."

Kitanda cha chuma kilichochunika rangi, kizuri! Mimi si wa kuvishwa kilemba cha ukoka. Mtu anayepima kitanda cha mwenzake ana safari anayompangia.

12 Machi

Wameanza kubandua mbao za dari upande wa mlango. Jioni wakazipakia kwenye mkokoteni. Nikauliza zinakwenda wapi.

"Kwangu, mama," fundi akasema. "Zina bungua, wanazitafuna."

"Bungua wa kwetu hawezi kufa hapa hapa kwetu?"

"Zitarudi, mama."

Mkwewe akageuza uso akacheka pembeni. Wakaondoka.

Hawajafika kona, jirani yangu akachomoza kichwa juu ya ukuta. Huyu tulikua naye, na tangu utoto hajawahi kupitwa na jambo. "Shoga," akasema, "mbao kama zile siku hizi watu wanazitafuta kwa tochi. Lakini mimi simo. Nasema nilichokiona."

Jirani yangu ana kawaida ya kutokuwamo kwenye mambo yote anayoyaanzisha. Hata hivyo neno limeniingia.

15 Machi

Mafundi walipokwenda kula nilipanda ngazi nikatia alama ya mkaa nyuma ya kila ubao uliobaki. Bwenini nilishona uzi mwekundu kwenye pindo la kila blanketi, na hakuna blanketi lililopotea zaidi ya wiki.

16 Machi

Mawingu mazito mchana kutwa. Halikudondoka hata tone.

18 Machi

Mdogo wangu alipita. Alizunguka sebule, akatazama juu, akatazama ufa, akakohoa.

"Dada, kwa nini mvua hizi usije ukakaa kwetu kidogo?"

"Kidogo ndiyo nini?"

"Mpaka zipite. Nyumba imefumuliwa, utakaaje na vumbi na presha yako?"

"Presha yangu nimekaa nayo kabla hujaota ndevu. Na mimi nikiondoka, nani atakaa hapa?"

"Hapana, hakuna wa kukaa. Mafundi watafanya kazi kwa nafasi."

Kwa nafasi. Akaondoka ameweka mikono nyuma, nami nikabaki nalitafuna neno hilo. Jirani ameniambia wifi yangu anachongesha kitanda kipya kwa seremala. Kimepimwa sawa na changu, bila shaka. Hawa wameshaniandalia chumba cha uani, na mimi ndiye wa mwisho kujua.

20 Machi

Leo wamesimamisha nguzo mbili nene katikati ya sebule chini ya boriti kubwa, zimekaza hasa. Sasa hata kabati langu halina pa kupita.

"Hizi za nini, fundi?"

"Za kumpumzisha tu, mama."

Kumpumzisha! Kumpumzisha nani? Nilidhani ulimi umemteleza, lakini hakujisahihisha, naye mkwewe akajiinamia kwenye randa yake kama mtu anayebana kicheko.

21 Machi

Acha niandike yote kama nilivyoyasikia, neno kwa neno, kwa maana najijua nikikasirika huwa natia chumvi.

Nilikuwa uani nafua. Wao walikuwa juu, wamekaa kwenye miti ya dari, na pale ukutani kwenye lile tundu la hewa sauti inashuka moja kwa moja.

Mkwe akasema, "Baba, mama ameoza. Nje utamwona mzima, ndani hamna kitu."

Fundi akajibu, "Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Ndiyo maana nikamwambia bwana."

"Sasa tunamtoa lini?"

"Kabla mvua haijakolea. Tukichelewa ataangukia watu."

"Na watoto?"

"Watoto watabaki, wale bado wazima. Mama ndiye atoke. Tutaweka mwingine."

"Mtu akituuliza?"

"Bwana amesema tukae kimya. Isije presha ikapanda."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na shuka likinichuruzika maji mapajani. Niliumia. Sitaki kujifanya sikuumia. Kuitwa mwizi ningevumilia, kuitwa mkali nimezoea, lakini kuoza? Nje mzima, ndani hamna kitu! Ni kweli juzi nilisahau birika motoni, na wiki iliyopita nilimwita mdogo wangu kwa jina la marehemu baba. Kumbe walikuwa wakiyaokota yote hayo na kuyapeleka kwa bwana wao. Na "ataangukia watu", yaani nitawafia mikononi. Hao watoto watakaobaki ni watoto wa mdogo wangu, wale wakubwa wawili wasio na pa kukaa. Na mwingine atakayewekwa ni nani kama si wifi na futi yake?

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema neno hili kwa wasichana wangu miaka na miaka, wala sikujua nilikuwa najitabiria.

22 Machi

Nimewafukuza.

Waliponikuta nimekaa kwenye kiti katikati ya mlango, fundi aliniamkia vizuri kama kawaida yake. Sikuitikia.

"Fundi, mimi sitoki."

"Kutoka wapi, mama?"

"Nimesikia kila kitu. Mama ameoza, mama atoke kabla ya mvua, awekwe mwingine. Nimekuwa mti mimi?"

Loo! Mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Machozi yalimtoka. Kama kuna kitu kilichonimaliza ni kicheko kile.

"Mama, tulia," fundi akasema. "Sikiliza. Mama si wewe."

"Mama si mimi?"

"Si wewe, mama. Mama ni..."

"Kama mama si mimi, ni nani mwenye nyumba hii? Wifi yangu? Na wewe unakuja kuniambia nani ni mama, mtu unayetoka na mbao zangu kila jioni kwenye mkokoteni! Zirudishe mbao za baba yangu, mwizi mkubwa wewe!"

Jirani alikuwa tayari juu ya ukuta, na barabarani watu wawili walikuwa wamesimama. Fundi alikunja uso. Alikusanya patasi, misumeno na randa, akamfunga mkwewe mdomo kwa jicho, wakatoka. Getini akageuka.

"Zile nguzo mbili usiziguse, mama."

"Chukueni na nguzo zenu!"

Hakuzichukua. Nikapiga kufuli.

Simu ya mdogo wangu imelia mchana kutwa. Sikupokea.

23 Machi

Kimya ni kizuri. Nimefagia sebule nzima. Nguzo moja inazuia kabati langu, nimeigongagonga kwa nyundo chini mpaka ikalegea, nikaisogeza ukutani. Hakuna kilichotokea. Walitaka tu nisiwe na nafasi ndani ya nyumba yangu.

25 Machi

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo uliolowa ikanikumbusha mama yangu akituita tuanue nguo. Nimeweka sufuria nne chini ya bati linapovuja.

26 Machi

Mvua. Mlango wa sebule umegoma kufunga. Jana ulifunga.

27 Machi

Mvua. Boriti inalia. Si mlio mkubwa, ni kama mtu anayejigeuza kitandani. Nimekaa chini yake nikiitazama, na nilijiambia mbao zote hulia zikilowa. Sikujiamini nilipojiambia hivyo.

31 Machi

Leo ndiyo nimepata nafasi ya kuandika.

Juzi, tarehe 29, mvua ilianza asubuhi na mpaka mchana ikawa haina mwisho. Maji yalipita kwenye bati, yakashuka kwa ndani ya ukuta, palepale kwenye ufa unaomeza kidole, palepale boriti kubwa inapokalia ukuta. Nilikuwa naweka beseni nikasikia kishindo juu. Boriti ilishuka. Haikuanguka, ilikaa chini kidogo, kama mtu aliyechoka kusimama, na mbao tatu zikadondoka pale nilipokuwa nimesimama muda mfupi tu kabla.

Nikasikia geti linagongwa na jirani anapiga kelele kwamba ameshampigia simu mdogo wangu. Kwa mara ya kwanza nikamshukuru kwa kutokuwamo kwake. Nilifungua kufuli. Mdogo wangu akaingia amelowa chapachapa, akatazama juu, akatazama nguzo niliyoiegemeza ukutani.

"Nani ameitoa?"

Nikaondoa beseni njiani. Akaibeba, akaja nayo, tukaisimamisha pamoja chini ya boriti, lakini boriti ilikuwa imeshuka, nguzo haikuingia. Ndipo akaweka bega. Alipiga goti moja juu ya kabati langu lile lile, akaweka bega chini ya boriti, akasukuma, nami nikaisukuma nguzo mpaka ikaingia kidogo, imekaa upande upande.

"Dada, toka nje!"

"Unaona? Unaona? Hata sasa unasema nitoke!"

"Itakuua!"

"Bora iniue ndani ya nyumba ya baba kuliko kuoza kwenye chumba chako cha uani! Nilisikia. Mama ameoza, mama atoke!"

Alinikodolea macho. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama, maji na udongo vinamtiririka usoni, na kwanza nilidhani analia. Kumbe anacheka na kulia pamoja.

"Mama ni hii, dada! Hii niliyoibeba! Mafundi wa dari wanaiita mama, na ile miti midogo wanaiita watoto! Mama ameoza, ni boriti imeoza! Ooh, dada yangu!"

Nilimtazama. Nikatazama boriti, na ile miti midogo imelala juu yake. Watoto watabaki, wale bado wazima. Tutaweka mwingine. Kila neno nililolitafuna wiki nzima lilinigeukia mdomoni. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na sikuwa hata na nafasi ya kuiona vizuri.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Presha yako! Nilijua ukisikia nyumba inaweza kuanguka utapandwa na presha. Nilitaka uje kwetu, waitoe, urudi, usijue. Dada, bega."

"Nini?"

"Bega linaachia. Nenda kamwite fundi. Mimi siwezi kutoka hapa."

Nilimwacha mdogo wangu chini ya boriti. Nilitoka bila viatu. Matroni mzima, mwanamke wa umri wangu, nikakimbia barabarani kwenye maji, watu wamejikinga vibarazani wananitazama. Kwa fundi si mbali, nilikuwa nimepajua kwa kuulizia ili siku moja nimpeleke kwa wakubwa kwa wizi. Niliingia uani kwake bila hodi. Kulikuwa na kibanda cha bati kimejaa moshi, na ndani, juu ya moto mdogo wa kufukiza, zilikuwa zimening'inizwa mbao nyekundu. Zangu. Zimepangwa kwa mafungu, kila fungu na kamba yake, zimekauka, na bungua amekwisha.

Fundi alikuwa amekaa mlangoni na mkwewe. Alisimama. Nilikuwa nimepanga njia nzima maneno ya kumwomba radhi, yakatoka haya tu.

"Fundi, mama anaanguka."

Akanitazama, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimenidondoka.

"Mama yupi?"

"Wote wawili," nikasema, nikakaa chini palepale kwenye matope.

Hakucheka. Hata mkwewe safari hii hakucheka. Walinyanyua jeki na nguzo za chuma, mkwe akanishika mkono, tukakimbia. Tulipofika ukuta wa kona ulikuwa umeporomoka nusu, matofali ya baba yamerudi kuwa tope, na mdogo wangu bado yupo palepale, macho ameyafumba, midomo inacheza. Fundi aliweka jeki moja, akaweka ya pili, akazipandisha polepole sana, anazungumza na ile boriti kwa sauti ya chini, "Haya mama, haya mama, taratibu." Walipomtoa mdogo wangu chini yake mkono mmoja ulikuwa unaning'inia. Mtulinga, ule mfupa wa begani, umevunjika.

Hospitali wamemfunga bandeji. Nilikaa naye mpaka wakaniondoa.

3 Aprili

Mdogo wangu ameruhusiwa. Daktari hataki atikiswe kwenye ngazi za kwake, vyumba vyao vya kulala viko ghorofani. Nikasema atalala kwangu, chumba cha nyuma ni kikavu. Wifi alisita, kisha jioni akaja na gari la mizigo limebeba kitanda kipya.

Kumbe kweli kilikuwa changu. Alipima ili nikienda kwao nisilale kwenye kitanda kigeni kikanikwaza mgongo, yeye ndiye aliyesema kiwe sawasawa na cha zamani. Aliniambia haya akiwa anatandika shuka, hakunitazama.

"Ungeniambia tu, wifi."

"Wewe unaambilika, wifi?"

Nilitaka kumjibu. Nikaona nimshikie upande wa pili wa shuka.

4 Aprili

Mgonjwa anataka chai kila saa. Wagonjwa wa kiume ni wagonjwa zaidi.

8 Aprili

Leo nimekwenda kwa fundi kwa miguu iliyovaa viatu. Nilimwomba radhi mbele ya mkewe, mkwewe, na mafundi wengine wawili waliokuwa wamekuja kuazima msumeno, kwa sababu nilimtukana mbele za watu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi nina langu," akasema. "Nilipogonga siku ile nikajua. Nikamwambia mwanamume, kwa mazoea. Wewe ndiye unayelala chini yake, ilikuwa nikuambie wewe."

"Mazoea yako nusura yatuue."

"Kweli, mama."

"Na hilo jina nalo mlibadilishe. Iiteni kitu kingine."

Mkwewe ndiye aliyejibu. "Tukimwita baba atakuwa haonekani nyumbani." Fundi alimkazia jicho, lakini nilicheka, na ndipo tukajua mambo yamekwisha.

Fundi akasema wao hawamtoi mama mpaka mwenye nyumba aseme kwa mdomo wake. Eti alikuwa amejipangia kuniuliza siku ya kazi yenyewe, bwana atake asitake, lakini nilimfungia geti kabla haijafika. Sijui kama ni desturi ya kazi yao ama ameitunga papo hapo kwa ajili yangu. Alisimama ananingoja.

"Haya," nikasema. "Mama atoke."

Haikuwa rahisi kusema. Ile boriti ilikuwepo mama yangu alipotuzaa.

17 Aprili

Mvua. Jeki zimeshika. Nazipita kwa adabu.

24 Aprili

Mbao zimerudi, zinanuka moshi. Nilipozikagua, maana nimezikagua, zote zimo ila mmoja. Ule ulioliwa sana wameuacha, na badala yake kuna ubao mmoja usio wetu, mweusi zaidi, mzuri kuliko zetu. Sijamuuliza fundi ameutoa wapi. Nitalifikiria.

11 Mei

Mvua zinapungua. Udongo ulioporomoka tumeukusanya, tukaulowesha, tukautia nyasi zilizokatwakatwa, tukaukanyaga. Wifi alikunja nguo akaingia na miguu yake ya mjini, akapiga kelele kama anachinjwa, halafu hakutaka kutoka. Mdogo wangu alikaa kwenye kiti na bandeji yake akituamuru. Matofali yanakauka uani kwa mistari.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimejenga ukuta, na udongo ni ule ule wa baba.

26 Mei

Ametoka. Watu wanane walimshusha kwa kamba. Upande wa ukutani ulikuwa umeoza kabisa, fundi aliuchokonoa kwa kidole ukamwagika kama unga. Lakini kuanzia katikati hadi upande wa pili mti ni mzima, mwekundu, mgumu, msumeno ulilia kuukata.

"Ulisema ndani hamna kitu," nikamwambia mkwe.

"Nilimgonga upande mmoja, mama," akasema.

Kipande kizima watakiweka juu ya mlango wa sebule, kibebe ukuta pale. Hakuna aliyeniuliza kama nataka, walinitazama tu, nikaitikia kwa kichwa.

7 Juni

Jua. Mama mpya yupo mahali pake, watoto wamelala juu yake, mbao zimerudishwa. Ubao mweusi wameuweka juu ya mahali kitakapokaa kitanda changu. Mdogo wangu amefunguliwa bandeji na kesho anarudi kwake. Asubuhi amejaribu mara mbili kuuliza kama sitahitaji mtu wa kulala naye nyumba moja, na mara mbili nimeuliza ana maana gani. Mara ya tatu nikamwambia kitanda chake kibaki hapa, akija wakati wa mvua nyingine asilale kwenye kitanda kigeni. Alitazama pembeni, akasema jua la leo kali kweli.

Mafundi wamekuja kuchukua ngazi. Nilikuwa uani nafua, na lile tundu la hewa bado lipo. Nikasikia kifundo cha kidole kinagonga juu, kinatulia, kinagonga tena.

"Baba, unamwonaje mama?" mkwe akauliza.

"Huyu?" fundi akasema. "Huyu hatikisiki."

Nikaendelea kufua. Sikuuliza ni yupi.